Vitambaa Chini ya Godoro

Kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu, nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole akiwa kwake. Kuficha jambo huko ni kazi, tena kazi ya kila siku, kama kuchota maji.

Parseli ya Mama Georgette, yaani kiwanja chake, ilikuwa na nyumba nne za mbao, bomba moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mwisho wa kamba hiyo, upande wa ukuta, palikuwa mahali pa vitambaa vya mwezi. Mwanamke akiingia mwezini alifua vitambaa vyake, akavianika pale, halafu juu yake akatandaza kikwembe, kitenge cha kujifunga, ili wanaume na watoto wasione. Wanaume kweli hawakuona kitu. Lakini wanawake waliona kikwembe, na kikwembe kiliwatosha. Hakuna aliyetia neno. Walijua tu kwamba juma hili ni la fulani na juma lile ni la fulani, na kikwembe cha mtu kikikosekana miezi miwili, macho yote yanahamia tumboni mwake.

Apolline alikaa nyumba ya pili. Mume wake, Adalbert, mtoto wa Mama Georgette, alipanda ndege kwenda Kinshasa mwezi wa saba mwaka 1998, kwa mafunzo ya majuma sita. Mwezi wa nane vita ikaanza, nchi ikakatwa vipande, waasi huku, serikali kule, na yale majuma sita yakawa miaka mitatu. Barua zililetwa na wafanyabiashara waliozunguka kwa Nairobi, mbili kwa mwaka, tatu ukibahatika. Adalbert aliuliza habari za mvua, habari za mama yake, na mwisho aliandika neno lile lile: "Uvumilie." Mtoto hawakuwa naye. Miaka minne ya ndoa kabla ya vita, hata mimba ya kupotea haikuwahi kuja. Mama Georgette alizoea kusema mbele za watu, "Mi sisemi kitu. Mungu njo anajua shamba yenye haioteshe."

Sasa shamba likaotesha, na mwenye jembe yuko Kinshasa.

Mimba ilikuwa ya Télesphore. Huyu alikuwa mwenzake wa kazi katika chama kimoja cha kusaidia wakulima, ambako Apolline alipiga mashine ya kuandika. Alikuwa mtu wa Mwenga, mpole, mwenye kula chakula chake akitazama ukuta. Jioni moja risasi zililia karibu na barabara kubwa, wakafungiwa ofisini wawili mpaka kukapambazuka. Baada ya hapo hawakungoja tena risasi. Ikawa hivyo miezi mitatu. Halafu Télesphore akasikia kwamba mama yake amekimbilia msituni, akafunga mfuko wake akaenda kumtafuta. Hakurudi, wala neno lake halikurudi. Na Apolline hakuweza kuuliza habari zake kwa sauti, maana angeuliza akiwa nani wake?

Mwezi wa kwanza ulipokosa kuja alijipa moyo. Wanawake wengi mjini walipoteza miezi yao kwa hofu na kwa njaa, na baadaye ikarudi. Akavizia usiku wa mvua, maana baada ya mvua kila kitu kwenye kamba kimelowa, akatandaza kikwembe asubuhi bila kitambaa hata kimoja chini yake. Mwezi wa pili maziwa yakaanza kuuma, akajua. Safari hii alifanya kazi yake sawasawa: alichukua vitambaa visafi, akavilowesha, akavikamua, akavianika mwisho wa kamba, na juu yake akatandaza kikwembe chake cha kijani.

Mama Georgette alipita na ndoo. Akasimama, akatazama kikwembe, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Njo vizuri," akasema. "Bibi ya mutu mwenye iko safari, kikwembe yake njo barua. Adalbert akiniuliza habari yako, mi naangaliaka kamba tu."

"Ndiyo, mama," Apolline akajibu.

Huo ulikuwa mwezi wa uongo, na ilikuwa tarehe tano.

Duka la dawa la Théodore lilikuwa kando ya soko, na Apolline alimjua kwa sura tu. Alimweleza shida yake kwa maneno machache akitazama kopo la vitamini. Théodore alimpa vidonge ndani ya karatasi ya daftari iliyokunjwa. Vilikuwa vidonge vya kidonda cha tumbo, lakini kila muuza dawa wa mji ule alijua kwamba vinafanya na kazi nyingine.

"Damu itatoka, maman. Hiyo usiogope," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini ikizidi sana, ao ikinuka, ao homa ikikukamata, usikuye huku. Enda kwa muganga wa hospitali."

"Muganga akiniuliza nani alinipa?"

"Mi sikujui. Na wewe hunijui. Hata leo hatujaonana."

Damu ilikuja Jumamosi, tarehe kumi na nne. Ilikuja kwa mabonge, na maumivu yake yalimfanya ang'ate mto. Mama Georgette alipogonga, aliambiwa ni malaria, akaacha uji mlangoni akaenda. Jioni maumivu yakapungua. Apolline akamshukuru Mungu, halafu akaona haya kwa kumshukuru.

Hapo ndipo hesabu ya kamba ilipomgeukia. Tangu mwezi wa uongo zilikuwa zimepita siku tisa. Angetandaza kikwembe tena, wanawake wangejua mara moja. Mwezi hauji mara mbili kwa majuma mawili, wangesema, hapo kimetoka kitu. Kwa hiyo alifulia vitambaa ndani ya nyumba, katika beseni, kwa maji ya bidoni moja na kipande kidogo cha sabuni, akavitandaza chini ya godoro alilolalia.

Ulikuwa wakati wa mvua. Mbao za ukuta zilijaa unyevu mpaka zikaota uyoga mdogo mweupe pembeni. Vitambaa havikukauka. Asubuhi alivitoa vikiwa baridi kama ngozi ya chura, akavifunga hivyo hivyo. Damu ilipungua, lakini haikukatika, ikawa inatoka kidogo kidogo. Na kwa kuwa alitembea kwa miguu mpaka ofisini na kukaa juu ya kiti cha kitambaa cheupe, alikunja kipande kimoja akakiingiza ndani kabisa, kizibe. Mara nyingine alikiacha huko tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu choo cha ofisi hakikuwa na komeo.

Siku ya kumi na mbili baridi ilimshika mchana wa jua. Tumbo la chini likawa zito, linauma akitembea, linauma akikaa. Na harufu ikaja, kama maji ya mihogo iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Ofisini dirisha likafunguliwa. Adèle, aliyekaa meza ya pili, akafunika pua kwa kitambaa.

"Ee batu, panya amekufia mu plafond!"

"Si panya, ni pusi muzima," mwingine akasema, wakacheka.

Wakapanda juu ya viti kumtafuta panya. Apolline naye akapanda. Alisukuma ubao wa dari kwa ufagio, akachungulia gizani, akasema, "Huku mi sioni kitu." Akashuka polepole akishika meza. Tangu siku hiyo alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na chakula chake alikula akitazama ukuta.

Alirudi kwa Théodore ingawa alikatazwa. Théodore alitazama barabarani kwanza, halafu akamtilia mkononi vidonge vya tetra, dawa ya kuua vijidudu, vile vya rangi mbili, bila kuhesabu. Homa ikashuka siku tatu. Siku ya nne ikarudi na wenzake.

Zahanati zilikuwepo mjini, na hospitali pia. Lakini katika moja mwuguzi alikuwa binti wa dada yake Mama Georgette, katika nyingine mpokeaji aliimba naye kwaya, na katika ya tatu mlinzi alikuwa jirani wa nyumba ya nne. Apolline alilala akizipitia moja moja, kama mtu anayejaribu funguo katika kufuli. Asubuhi ya Ijumaa akafunga kikwembe akamwambia mama mkwe anakwenda Mudaka, nje ya mji, kutafuta maharagi, na kesho atarudi.

"Na homa hiyo? Unaenda kufuata maharagi ao kaburi?"

"Kule iko mingi, mama. Hapa tunakula majani ya sombe tu."

"Kesho usiporudia, mi natuma batu wakufuate. Barabara ya leo si ya mwanamuke peke yake."

Kwenye kizuizi askari aliingiza kichwa ndani ya kamioneti kupekua mizigo. Alipomfikia Apolline akarudi nyuma, akafuta pua. "Pita, pita," akamwambia dereva. Abiria wakatazama upande mwingine. Hakuna aliyemwambia pole.

Kituo cha afya cha Mudaka kilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye benchi ukutani. Juu ya benchi walikaa wanawake waliokimbia askari, waliotoka mbali, upande wa Mwenga na Shabunda, miguu yao imevimba. Mwuguzi aliitwa Martine. Alikuwa mama mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alionekana amechoka.

"Mwezi wa mwisho uliona tarehe gani, mama?"

Ulimi wa Apolline ulikuwa umeshazoea. "Tarehe tano, mwezi uliopita."

"Ulikuja vizuri?"

"Vizuri."

"Uko na bwana?"

"Iko Kinshasa. Miaka mitatu."

Martine akaweka kalamu chini. Akatazama uso wa Apolline, akatazama mlango, akainama karibu.

"Ni ba-soldat? Walikushika kwa nguvu?"

Apolline hakusema ndiyo. Kichwa chake ndicho kilichoinama, kikainuka, kikainama. Martine akamshika mkono, akakaa nao kidogo, halafu akaandika kitu kwenye kadi.

"Pole, mama yangu. Hauko peke yako. Kaa na benzako pale, nitakuja na sindano, halafu utarudi nyumbani na dawa. Hapa hakuna wa kukucheka."

Kwenye benchi msichana wa upande wa Shabunda alisogea akampa nafasi. Aliona Apolline anatetemeka, akafungua nusu ya kikwembe chake akamfunika mabega.

"Mi naitwa Maombi," akasema. "Kwetu tulitoka saba. Siku kumi na moja mu pori. Tulifika watatu. Na nyie mulikuwa wangapi?"

Apolline akakivuta kikwembe kile mabegani.

"Usiseme, maman. Mimi pia sikusema mpaka juzi."

Na akautwaa mkono wake, akauweka juu ya paja lake. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa jembe. Kabla ya siku hiyo, tangu Télesphore aondoke hakuna mtu aliyekuwa amemshika Apolline. Alitaka mkono ule ubaki pale. Alitaka kulala hapo hapo, begani mwa mtoto wa watu ambaye hamjui, aitwe mwenzetu, apewe sindano ya wenzetu. Lakini aliposhusha macho aliona kovu jipya, jekundu, limezunguka kifundo cha mkono ule, alama ya kamba. Akahisi kama mtu aliyeingia msibani akala chakula cha wafiwa bila kumjua marehemu.

Akautoa mkono wake polepole. Akainuka, akashika ukuta, akarudi ndani.

"Nilikudanganya," akamwambia Martine. "Si ba-soldat. Na ile tarehe si ya kweli."

Akasema yote akiwa amesimama. Vidonge, kamba, kikwembe cha kijani, mabonge, godoro, kile kitambaa cha kuziba. Alisema kwa haraka, bila kulia, kama mtu anayetapika. Jina la Théodore peke yake ndilo alilolimeza. Martine akavua miwani.

"Unajua ungekufa?" akasema. "Ungekufa na tarehe ya uongo mu kadi yangu. Mi ningekupa dawa, ningekuambia rudia wiki ijayo, na ndani kumebaki vipande vinaoza. Wiki ijayo nani angerudia? Sanduku?"

"Nihurumie, maman."

"Nakuhurumia kwa ukali. Panda kitandani."

Alimpima. Akabonyeza tumbo, Apolline akapiga ukelele. "Kuko bado kitu ndani," Martine akasema, na sasa sauti yake haikuwa na ukali. Alimfungia chupa ya maji ya dawa, akamchoma sindano, akamsafisha tumbo la uzazi kwa pompa ya mkono. Apolline alishika vyuma vya kitanda mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna aliyemshika mkono, maana mwuguzi alikuwa mmoja na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.

Jioni, homa ikiwa inateremka, Martine alikuja na kiti.

"Sikiliza. Vidonge peke yake haviletake harufu hiyo. Vipande vilibaki, na wewe ukawapelekea vijidudu chakula kwa kile kitambaa kibichi. Kitambaa kinataka sabuni, jua, na pasi ukiwa nayo. Ndani hauingizi kitu, hata kidole, mpaka upone. Dawa utameza mpaka ya mwisho, siku zote, hata ukijisikia mzima."

"Na mwezi wangu?"

"Utakuja, juma la ine, la tano, pengine la sita. Wa kwanza unaweza kuwa mwingi, ao kidogo, ao ukachelewa. Miezi miwili mitatu itakuwa inatangatanga. Hiyo si ugonjwa. Lakini damu ikijaza vitambaa viwili kwa saa moja, na saa ya pili tena, ao homa irudie, unakuya mbio. Na usingoje mwezi ndio ujue umepona: mimba inaweza kuingia mbele ya damu."

Swali alilokuwa nalo Apolline lilikuwa moja tu, na alikuwa amelibeba tangu Cimpunda.

"Nitazaa?"

Martine akavaa miwani, akarekebisha uzi wake sikioni.

"Kama tumefika mapema, ndiyo. Kama homa imekwisha kuziba njia, hapana. Leo siwezi kuona. Mi si Mungu, mama, na mi si radio ya kupiga picha tumboni."

Akamlaza katika chumba cha wanawake, kitanda cha pembeni. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Maombi. Msichana alitabasamu, akanyoosha kikwembe chake tena.

"Wamekupatia kitanda! Njo vizuri. Watatulinda hapa."

"Maombi," Apolline akasema, "mi haiko wenu. Hakuna soldat alinigusa. Nilikuwa na tumbo, nikaitoa mwenyewe, kwa vidonge."

Mkono wa Maombi ulibaki hewani kidogo. Halafu akaurudisha pamoja na kikwembe, bila hasira, kama mtu anayeondoa sahani mezani. Akageukia ukuta.

Jumamosi ikapita hivyo. Maombi aliletewa uji akanywa, akasuka nywele za mwingine, akacheka na mwingine. Kwa Apolline alipita kama unavyopita kando ya mti. Apolline alihesabu mabati ya paa. Akilini alimwona Mama Georgette akisimama mlangoni pa parseli, mkono kiunoni, akiita kijana wa nyumba ya nne avae viatu aende Mudaka. Akituma watu, watauliza, na Mudaka si kubwa. Alimwomba Martine ruhusa mara mbili. Mara ya pili Martine alikubali: Jumapili mchana, baada ya sindano ya mwisho, kulikuwa na kamioneti ya mboga inayoteremka mjini, na ni hiyo tu mpaka Jumanne.

Jumapili akafunga kikwembe, akaweka dawa zake kifuani. Kamioneti ikafika, ikapiga honi barabarani. Akatoka chumbani, akapita benchi.

"Maman."

Maombi alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, magoti yamebanwa, macho chini.

"Ulimwambiaje?" akauliza. "Muganga. Ulianza kwa neno gani?"

"Nilianza kwa kusema nilimudanganya."

Maombi akakuna sakafu kwa kidole cha mguu. Honi ikalia tena.

"Na mimi, tangu siku ile, haijakuja," akasema. "Miezi ine sasa. Nilimwambia inakujaka vizuri. Niliona aibu, juu kama ni tumbo… kama ni tumbo, maman, ni ya wale." Akainua uso. "Ao ni njaa tu? Ya njaa nayo inapoteaka, sivyo?"

"Ya njaa inapoteaka," Apolline akajibu. "Lakini mi sijui yako. Yeye njo atajua."

"Atakasirika."

"Atakasirika kidogo. Halafu atakupima."

"Gari yako itakuacha."

Dereva alikuwa amewasha injini. Mama mmoja juu ya magunia ya kabeji alipunga mkono, akaita, "Wee wa Bukavu, unapanda ao haupande?" Apolline akatazama barabara, akatazama kidevu cha Maombi kinavyocheza. Akatikisa kichwa kwa dereva. Kamioneti ikajivuta, ikapiga kona, vumbi jekundu likabaki limesimama mahali pake.

Wakaenda pamoja mpaka mlango wa Martine. Apolline akabisha kwa niaba yake. Maombi akaingia, akageuka mara moja, na mlango ukafungwa.

Apolline akakaa chini nje, mgongo ukutani. Tumbo bado lilimuuma akikaa. Ndani sauti ya msichana ilianza, ikakatika, ikaanza upya.

Barabarani, mbali, mtu alikuwa anapanda kilima kwa haraka kutoka upande wa mji. Kwa umbali ule hakuweza kutambua kama ni kijana aliyetumwa na Mama Georgette au mpita njia tu. Akamtazama anavyokua, hatua kwa hatua, wala hakuinuka.